Amani Inayomwacha Mwenzako Mikono Mitupu

  Popote unaponisikia jioni hii, ukiwa hapa Sugoi, ukiwa Turbo, Jua Kali, Kipkaren au Eldoret mjini, karibu tuzungumze. Mama unayekamua, endelea kukamua huku unasikiliza. Kijana wa bodaboda uliyeegesha hapo stejini, ongeza sauti kidogo ili na mwenzako asikie.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu amani, na nina swali moja ambalo nitalirudia mara kadhaa. Kwa nini vita vingine vinaisha, watu wanapeana mikono, karatasi zinatiwa sahihi, halafu miaka ishirini haijapita vizuri watoto wa watu walewale wanapigana tena? Kosa huwa wapi? Ni watu kupenda vita? Au kuna amani nyingine ambazo tangu siku ya kwanza zimebeba mimba ya vita?

Hebu tuanze na jambo tunalolijua sote. Ng'ombe wa jirani ameingia shambani kwako usiku, amekula mahindi yaliyoanza kubeba. Kunapokucha unawaita wazee wa kokwet, lile baraza la kijiji. Wanakuja, wanakagua, wanahesabu mistari iliyoliwa. Wakisema jirani alipe magunia kadhaa wakati wa mavuno na aufunge ua wake, atanung'unika, lakini atalipa. Mtasalimiana tena. Sasa tuseme wewe una watoto wengi wa kiume wenye nguvu, una pesa, na hakuna anayethubutu kukupinga. Unasema: nataka ng'ombe wake wote, nataka kipande cha shamba lake, na kuanzia leo asipite hapa akienda mtoni. Wazee wananyamaza, jirani anakubali kwa kuwa hana la kufanya. Umeshinda, sivyo? Lakini jirani yako hajahama. Yuko palepale, ng'ambo ya ua. Watoto wake wanakua wakimwona mama yao akizunguka mbali kutafuta maji. Je, wakishakuwa watu wazima, wataikumbuka ile siku kama siku ya amani?

Shikeni mfano huo, kwa sababu yaliyotokea katika nchi yetu hii yanafanana nao sana.

Mnajua kwamba Wanandi walipigana na Waingereza kuanzia mwaka 1895. Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na reli ile ilipita kando ya nchi ya Wanandi. Kwa muda wa miaka kumi hivi vikosi vya serikali vilikuja mara tano: 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905. Kila mara mapigano yalipopoa, ilisemekana kwamba sasa mambo yametulia. Na kila mara yalizuka upya. Kiongozi aliyewaunganisha Wanandi alikuwa Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita, karibu na mahali panapoitwa leo Nandi Hills. Alikwenda. Ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi palepale, na watu waliofuatana naye wakauawa pia. Meinertzhagen alidai alikuwa anajikinga, na wakubwa wake waliochunguza wakamwondolea lawama. Lakini mjukuu wa Mnandi amefundishwa nini na siku ile? Amefundishwa kwamba ukiitwa kwenye meza ya amani, huenda usirudi nyumbani.

Baada ya hapo kikosi kikubwa kiliingia. Nyumba zilichomwa, maghala ya nafaka yakachomwa. Ng'ombe zaidi ya 10,000 walichukuliwa, na mbuzi na kondoo wengi kuliko hao. Watu wengi waliuawa. Kisha yakaja masharti. Wanandi watakaa ndani ya eneo walilotengewa. Wale wa kusini, waliokuwa karibu na reli, watahama kwa nguvu. Ardhi yao nzuri ya huko itakuwa mali ya serikali, nayo serikali itaigawa kwa walowezi.

Wasikilizaji, hayo yaliitwa amani. Mwaka 1906 serikali ilihesabu kwamba vita vya Wanandi vimekwisha. Na kweli, bunduki zilinyamaza. Lakini naomba tuulizane: yalikuwa masharti ambayo mzee wa Kinandi angeweza kumweleza mwanawe jioni, akasema, haya tuliyakubali, yana haki ndani yake? Hayakuwa hivyo. Alichoweza kusema ni, tulizidiwa nguvu.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1914 Wazungu walianza kupigana wao kwa wao, na vita vikafika hadi mpaka wa Kenya na Tanganyika. Vijana wa Kinandi waliingia kwa wingi katika KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wakapigana upande wa Uingereza ileile iliyowashinda miaka michache nyuma. Wengine hawakurudi. Waliorudi walikuta nini? Serikali ilikuwa na mpango wa kuwazawadia mashamba askari wa Kizungu waliopigana vita hivyo. Na sehemu ya mashamba hayo ilikatwa kutoka ndani ya eneo la Wanandi lenyewe, upande wa Kipkaren na upande wa Kaimosi. Ndiyo, Kipkaren hiihii ya jirani zetu. Eneo ambalo waliambiwa ni lao baada ya kunyang'anywa jingine, nalo likamegwa. Askari wawili walipigana vita vimoja. Mmoja alizawadiwa shamba, na mwingine akanyang'anywa la baba yake ili mwenzake apewe.

Ongezeni hapo kodi iliyopandishwa, kazi za kulazimishwa, kitambulisho cha kipande cha kuning'inizwa shingoni, na karantini ya mifugo iliyowazuia watu kuuza ng'ombe ili walipe kodi hiyohiyo. Kufikia mwaka 1923 watu walikuwa wamechoka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Wanandi walipanga sherehe kubwa ya rika, saget ab eito, ambapo uongozi hukabidhiwa kutoka rika moja hadi jingine. Serikali iliogopa kwamba mkusanyiko huo ungekuwa mwanzo wa uasi. Sherehe ikapigwa marufuku. Orkoiyot wa wakati huo, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, akakamatwa pamoja na wazee kadhaa na kupelekwa Meru. Aliishi kifungoni na uhamishoni hadi mwaka 1964. Fikirieni, Kenya ilipata uhuru yeye bado akiwa mfungwa.

Mtu ataniuliza: lakini mwaka 1923 vita havikutokea, sasa hoja yako iko wapi? Ni kweli havikutokea. Lakini kwa nini serikali, miaka kumi na saba baada ya kutangaza ushindi, iliiogopa sherehe ya kukabidhiana uongozi? Iliogopa kwa kuwa ilijua yenyewe kwamba amani ile ilikuwa imeshikiliwa na mtutu wa bunduki. Siku mtutu ungeondolewa, isingekuwepo tena. Mtu aliyepatana na jirani kwa haki haogopi kusikia ngoma nyumbani kwa jirani.

Basi tukumbushane tulipofika. Kwanza, vita vya Wanandi viliisha kwa masharti ya kuwaacha mikono mitupu. Pili, hata kile kidogo walichoachiwa kilimegwa baadaye. Tatu, hasira haikufa; ilirithiwa. Tumeelewana? Twende mbele.

Mwaka huohuo, 1923, mbali sana na hapa, kulikuwa na taifa jingine lililokuwa linasononeka kwa sababu ya amani. Nazungumzia Ujerumani. Ile Vita Kuu ya Kwanza iliisha Novemba 1918. Tarehe 28 Juni 1919 Wajerumani walitia sahihi mkataba katika kasri la Versailles, Ufaransa. Hawakuketi mezani kujadiliana. Walikabidhiwa masharti yakiwa yameshaandikwa, wakapewa wiki chache tu, wakaambiwa watie sahihi la sivyo vita vinaendelea. Walipokonywa sehemu za nchi yao. Walipokonywa makoloni yote, na ndipo Tanganyika ikaingia mikononi mwa Waingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji. Jeshi lao lilipunguzwa hadi askari 100,000. Walitakiwa kukubali kwa maandishi kwamba wao na washirika wao ndio waliosababisha hasara yote ya vita, na kulipa fidia ambayo mwaka 1921 ilitajwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132.

Waliposhindwa kulipa kwa wakati, mwezi wa Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia katika bonde la Ruhr, penye viwanda na makaa ya mawe. Mwaka huo pesa ya Kijerumani iliporomoka mpaka watu wakabeba noti kwa vikapu kwenda kununua mkate. Msomaji wa magazeti wa siku zile angeweza kuona kwamba kuna mtu atakuja kuitumia hasira hiyo. Na alikuja. Adolf Hitler alitumia mkataba wa Versailles katika hotuba zake kama kuni za kuwashia moto. Mwaka 1933 akashika madaraka. Tarehe 1 Septemba 1939 akaivamia Poland. Miaka ishirini tu baada ya sahihi za Versailles!

Msidhani hayo hayatuhusu. Vita hivyo vya pili ndivyo vilivyowachukua vijana wa Kenya na kuwapeleka Ethiopia kupigana na Waitaliano, kisha Burma kupigana na Wajapani. Mzee wa hapa aliyerudi na medali, au ambaye hakurudi kabisa, alilipa deni la karatasi iliyotiwa sahihi Ulaya.

Hapa lazima niwe mkweli kwenu. Wapo wanahistoria wanaosema Versailles pekee haikuleta vita. Wanataja mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Wanataja uchu wa Hitler mwenyewe. Wengine wanasema mkataba haukuwa mkali kupita kiasi, tatizo ni kwamba haukusimamiwa. Nawaheshimu, na sisemi kwamba mkataba mkali unamlazimisha mtu kuua. Aliyeua ameua mwenyewe. Ninachosema ni hiki: masharti ya kudhalilisha yanamrahisishia kazi mchochezi. Yanampa hadithi tayari. Hana haja ya kubuni uongo mwingi. Anachukua kidonda cha kweli, anakitia chumvi, anawauliza vijana, mtakubali hadi lini?

Sasa kuna mtu mmoja ninayetaka mumfahamu, kwa sababu maisha yake yanaunganisha hadithi hizi zote mbili na hata huu uwanda wetu wa Uasin Gishu. Anaitwa Jan Smuts. Alikuwa jenerali wa Makaburu wa Afrika Kusini, waliopigana na Waingereza kuanzia mwaka 1899. Vilikuwa vita vibaya. Mashamba yalichomwa, wanawake na watoto wakafungiwa kambini, wakafa kwa maelfu. Makaburu walishindwa. Tarehe 31 Mei 1902 walitia sahihi mapatano ya Vereeniging. Lakini tazameni masharti waliyopewa. Waliachiwa mashamba yao. Walipewa pauni milioni 3 za kujengea upya. Waliahidiwa kujitawala, na kufikia mwaka 1907 ahadi ilikuwa imetimizwa. Mwaka 1910 jenerali wao mwingine, Louis Botha, akawa waziri mkuu wa Afrika Kusini nzima.

Matokeo yake? Ilipofika 1914, baadhi ya Makaburu waliasi, lakini Botha mwenyewe aliuzima uasi huo, akapigana upande wa Uingereza. Na mwaka 1916 Smuts, aliyekuwa adui wa Waingereza miaka kumi na minne tu nyuma, alikuja Afrika Mashariki kuongoza majeshi yao dhidi ya Wajerumani. Kisha mwaka 1919 alikuwepo Versailles, na akatia sahihi huku akiandika kupinga masharti yale. Alijua uchungu wa kushindwa, na alijua amani yenye staha inaweza kumfanya adui kuwa rafiki.

Ningependa niishie hapo, hadithi iwe tamu. Lakini haijakamilika. Ile amani ya Vereeniging ilikuwa njema kwa nani? Ilikuwa njema kati ya Mzungu na Mzungu. Swali la Mwafrika kupiga kura liliahirishwa ndani ya mapatano yaleyale mpaka Makaburu wajitawale. Mnajua kilichofuata huko Afrika Kusini kwa miaka mingi iliyofuata. Na Makaburu wengine waliokuwa wamechoshwa na mambo ya kwao walipanda meli, wakaja huku mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakapewa mashamba kwenye uwanda huu ambao mifugo ya watu wengine ilikuwa inalisha. Miaka mitatu baada ya kifo cha Koitalel!

Linganisheni, wasikilizaji. Serikali moja, ya mfalme mmoja, katika miaka ileile. Kaburu aliyeshindwa aliachiwa shamba na kupewa pesa. Mnandi aliyeshindwa alichomewa ghala na kuhamishwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba watawala wa wakati ule hawakujua jinsi ya kufanya amani ya kiungwana. Walijua vizuri sana. Walichagua nani anastahili.

Hilo ni fundisho la pili la jioni hii, na naomba tulishike pamoja na la kwanza. La kwanza: amani inayomwacha mwenzako mikono mitupu haidumu. La pili: amani ya wawili wanaopatana kwa kugawana mali ya wa tatu haidumu pia. Yule wa tatu naye ana watoto, na watoto wake watauliza.

Sasa tusogee karibu zaidi. Sisi wa sehemu hii hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta vidonda. Mwaka 1992 watu walipigana Burnt Forest na kwingineko, nyumba zikachomwa, familia zikahama. Yalipotulia, nani aliketi na nani? Nani aliulizwa alipoteza nini? Kwa sehemu kubwa tuliambiwa tusahau. Tukasikia ule msemo, yaliyopita si ndwele. Na wengi wetu huishia hapo, tunasahau kwamba msemo wenyewe unaendelea: tugange yajayo. Kuganga ni kazi, na kazi hiyo haikufanyika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ulirudi mahali palepale, tena mkubwa zaidi. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, hapo karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na wanawake na watoto ndani. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya watu 1,100. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ulijaa mahema ya majirani zetu.

Kofi Annan alikuja kutupatanisha, na tarehe 28 Februari 2008 Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia sahihi mapatano. Sema utakavyo juu ya mapatano yale, hayakumsukuma yeyote nje ya nyumba. Kila upande uliingia serikalini. Na hayakuishia kwenye vyeo. Yalikuwa na ajenda ya nne, iliyosema kwamba tutazungumza juu ya ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi, na dhuluma za zamani. Kutokana na njia hiyo tulipata katiba ya 2010. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake.

Hiyo ndiyo sehemu njema. Lakini mengi yaliyopendekezwa katika ripoti ile bado yanasubiri. Wapo waliokimbilia kambini wakasaidiwa, na wapo waliojihifadhi kwa jamaa na marafiki, ambao msaada haukuwafikia ipasavyo. Wapo wazee wa hapa wanaosema dhuluma ya ardhi ya 1905 na ile ya Kipkaren na Kaimosi haijawahi kujibiwa na serikali yoyote. Na wapo majirani walionunua mashamba yao kwa jasho, wenye hati mkononi, wanaosema, dhuluma ya Mwingereza isilipwe kwa nyumba yangu. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo. Ukimpa mmoja haki kwa kumchomea mwingine, umerudia Vereeniging. Umepatanisha wawili kwa mali ya wa tatu.

Mtaniuliza, basi aliyekosa asiadhibiwe? Aadhibiwe. Baada ya vita vya pili, washindi walijifunza kitu. Viongozi wa Hitler walishtakiwa Nuremberg kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa matendo yao. Lakini wananchi wa Ujerumani Magharibi walisaidiwa kujenga upya, na mwaka 1953 madeni yao yakapunguzwa sana. Tofauti iko hapo. Adhabu ina jina la mtu. Ukiipa adhabu jina la kabila, la ukoo au la kijiji, umepanda mbegu, na mwanao ndiye atakayevuna.

Kwa hiyo, wasikilizaji, nina ombi. Safari ijayo ukiwa kwenye baraza la chifu au kikao cha wazee, hata kama ni kesi ya bikoni, alama ya mpaka wa shamba tu, na upande wako ndio wenye nguvu, uliza maswali mawili kabla ya kukubali hukumu. Swali la kwanza: huyu anayeshindwa leo, atabaki na kitu cha kuishi nacho, au tumemwacha mikono mitupu? Swali la pili: kuna mtu ambaye hayupo hapa, na tunagawana kilicho chake? Ukiona jibu ni baya, simama useme, hata kama hukumu inakupendelea wewe. Hasa kama inakupendelea wewe, kwa sababu mshindi husikilizwa, na aliyeshindwa akisema huambiwa analalamika.

Na ninyi vijana, mkisikia mtu anatumia kidonda cha kweli kuwatuma kuchoma nyumba ya jirani, mwambieni kidonda tunakijua, tunataka kitibiwe, na moto si dawa. Waulizeni wazee wenu yaliyotokea Kipkaren na Kaimosi. Waulizeni pia ya 1992 na ya 2008. Waulizeni wa kabila lenu na wa kabila la jirani. Anayejua hadithi mbili si rahisi kudanganywa kwa moja.

Nimalizie kwa lile nililotaka mlibebe. Amani ya kudumu ni ile ambayo hata aliyeshindwa anaweza kuwaeleza watoto wake na kuitetea mbele yao. Tuijenge hiyo, wakati bado tuna nafasi ya kuketi pamoja bila kusubiri mgeni atupatanishe.